Lumbesa ya picha: mteja hulipia uzito asiouona

Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni au wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu yake, na bei inabaki ya gunia moja. Anayeumia ni mkulima, ndiyo maana sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza.

Katika biashara ya mtandaoni ipo lumbesa nyingine ambayo haikatazwi na sheria yoyote. Ni picha ya bidhaa iliyotoka kwenye kamera ya simu na kupandishwa kwenye tovuti kama ilivyo. Hapa anayeumia kwanza ni mnunuzi, ambaye hulipia uzito wa ziada kwa kifurushi chake cha data na kwa muda wake. Muuzaji huumia baadaye, pale mnunuzi anapochoka kusubiri na kufunga ukurasa kabla hata hajaiona bei.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kuutoa mzigo huo bila kuharibu sura ya bidhaa. Kazi yenyewe haihitaji mtaji. Inahitaji kompyuta ya kawaida au simu, programu ya bure, na hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Vipimo na uzito

Wafanyabiashara wengi huchanganya mambo mawili ambayo ni vizuri yakatenganishwa tangu mwanzo. Jambo la kwanza ni vipimo vya picha, yaani upana na urefu wake, ambavyo huhesabiwa kwa pikseli. Pikseli ni nukta moja ya rangi. Jambo la pili ni uzito wa faili, ambao huhesabiwa kwa kilobaiti (KB) au megabaiti (MB). Megabaiti moja ni sawa na kilobaiti 1,000.

Tuchukue kamera ya simu ya megapikseli 12. Picha yake huwa na pikseli 4,000 za upana na 3,000 za urefu. Ukizidisha unapata pikseli milioni 12. Kila pikseli ikiandikwa kamili kwa rangi zake tatu, nyekundu, kijani na buluu, huchukua baiti 3, kwa hiyo picha nzima ingekuwa na MB 36. Simu huibana yenyewe wakati wa kuihifadhi, na matokeo yake mara nyingi huwa kati ya MB 3 na MB 6. Katika makala haya tutatumia MB 4.

Sasa tuangalie mahali picha hiyo inapokwenda. Kwenye skrini ya simu iliyosimama wima, nafasi ya picha ya bidhaa huwa na upana wa pikseli zipatazo 400. Picha ya 400 kwa 300 ni pikseli 120,000 tu. Gawanya milioni 12 kwa 120,000: jibu ni 100. Maana yake ni kwamba mteja amepakua pikseli 100, simu yake ikaonyesha moja na kutupa 99. Zote 100 amezilipia.

Ni kweli kwamba skrini nyingi za simu za leo zina msongamano mkubwa, na hutumia pikseli mbili au zaidi mahali ambapo zamani ilikaa moja. Kwa sababu hiyo ni busara kuandaa picha yenye upana maradufu ya nafasi yake, yaani 800 kwa 600. Hata hivyo hizo ni pikseli 480,000, ambazo ni sehemu moja ya 25 ya picha ya awali.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: ukipunguza upana na urefu kwa nusu, pikseli hupungua hadi robo. Ukipunguza hadi robo ya upana na robo ya urefu, hubaki sehemu moja ya 16. Faida ya kupunguza vipimo huenda kwa kasi kuliko macho yanavyotarajia, na ndiyo maana hatua hii hutangulia nyingine zote.

Hesabu ya duka la vitenge

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo mwenye bidhaa 40 kwenye ukurasa mmoja wa tovuti yake. Picha 40 za MB 4 kila moja ni MB 160. Mteja mwenye kifurushi cha MB 500 ataufungua ukurasa huo mara tatu, na kifurushi kitakuwa kimekwisha. Hapo hajasoma ujumbe wala hajamtumia ndugu yake picha ya kitenge alichokipenda.

Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi 800 kwa 600 na kubanwa vizuri, kila moja inaweza kuwa na uzito wa KB 80 hivi. Mara 40, ni KB 3,200, yaani MB 3.2. Kifurushi kile kile cha MB 500 sasa kinatosha kuufungua ukurasa zaidi ya mara 150.

Upande wa muda, kampuni za simu hutangaza kasi kwa megabiti, wakati faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Mteja mwenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde atahitaji sekunde 320 kupakua MB 160, yaani zaidi ya dakika tano. Kwa MB 3.2 atahitaji sekunde zipatazo sita na nusu. Katika dakika tano mteja wa Kariakoo ameshaingia maduka matatu.

Muuzaji naye ana gharama yake. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huuza huduma kwa kiwango cha data kinachotoka kwa mwezi. Ukurasa wa MB 160 ukifunguliwa mara 1,000 hutoa gigabaiti 160. Ukurasa wa MB 3.2 hutoa gigabaiti 3.2. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama mfanyabiashara abaki kwenye huduma ya bei ndogo au asukumwe kwenye ya bei kubwa.

Aidha, Google ilitangaza mwaka 2020, na kuanza kutumia mwaka 2021, vipimo vya ubora wa ukurasa vinavyochangia nafasi ya tovuti katika matokeo ya utafutaji. Kimojawapo hupima muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana mwanzoni, ambacho mara nyingi ni picha, kionekane. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri ni sekunde 2.5 au pungufu. Kwa hiyo picha nzito humkimbiza mteja aliyefika, na inaweza pia kumfanya anayetafuta asifike.

Jinsi hesabu ilivyosahaulika

Kurasa za mwanzo za mtandao zilikuwa za maandishi. Mwaka 1993 Marc Andreessen wa Marekani alipendekeza alama ya kuweka picha ndani ya ukurasa, na programu ya Mosaic ikaanza kuzionyesha. Kwa modemu za miaka hiyo zenye kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, picha ya KB 100 ilichukua karibu nusu dakika. Mtengenezaji wa kurasa alihesabu kila kilobaiti kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Katika Afrika Mashariki, mwaka 2009 mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata EASSy ukaanza kazi. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya nje yalitegemea zaidi setilaiti. Kasi ikapanda na hesabu ya kilobaiti ikaachwa. Wakati huo huo kamera za simu zikakua, na uzito wa picha ukakua pamoja nazo. Kwa mteja anayenunua data kwa vifurushi vidogo, hesabu ile haijawahi kuacha kuwa na maana.

Kata kwanza, punguza baadaye

Utaratibu mzuri wa kazi ni huu.

Kwanza, hifadhi picha asilia mahali pake, pasipoguswa. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Picha iliyopunguzwa haiwezi kurudishiwa pikseli zilizotoka. Ukiikuza, programu hubuni nukta za kujazia na matokeo huwa na ukungu.

Pili, kata kisichouzwa. Picha ya jozi ya viatu yenye nusu nzima ya sakafu ya duka inambebesha mteja sakafu. Kata hadi bidhaa ijaze sehemu kubwa ya picha. Amua pia uwiano mmoja wa upana na urefu, kwa mfano mraba au nne kwa tatu, na uutumie kwa bidhaa zote ili safu za duka zikae sawa.

Tatu, punguza vipimo. Weka upana unaotaka na uache programu ihesabu urefu yenyewe. Ukijaza namba zote mbili kwa kukisia, picha huvutwa. Kitenge chenye maua ya duara kitaonekana kina maua ya yai, na mteja atakirudisha.

Hapa kuna kosa moja linalotoka kwenye vibanda vya uchapaji. Mchapaji wa mabango na vipeperushi hudai picha ya nukta 300 kwa inchi, na ana haki, kwa sababu karatasi ina inchi. Tovuti haina inchi. Picha ya pikseli 800 itaonekana ile ile kwenye tovuti, iwe imeandikwa nukta 72 au 300 kwa inchi. Kinachohesabiwa ni pikseli pekee.

Aina ya faili

Baada ya vipimo, chagua aina ya faili inayofaa. Ziko nyingi, lakini kwa mfanyabiashara tano zinatosha.

JPEG, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1992, ni ya picha za kamera: nguo, vyakula, nyumba, magari. Hubana kwa kutupa maelezo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi.

PNG ilitolewa mwaka 1996 baada ya mgogoro wa hataza uliohusu GIF, aina ya mwaka 1987 ambayo ina rangi 256 tu. PNG haitupi chochote. Kwa sababu hiyo inafaa nembo, michoro na maandishi, na haifai picha za kamera, kwani picha ile ile huweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko ikiwa JPEG. Wanaopiga picha ya skrini na kuipandisha moja kwa moja wajihadhari, kwa sababu vifaa vingi huihifadhi kama PNG.

WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010. Kwa vipimo vya Google yenyewe, ni nyepesi kuliko JPEG ya ubora unaolingana kwa asilimia 25 hadi 34. Kwa miaka kadhaa ilikwama kwa kuwa si vivinjari vyote viliifungua, lakini Safari ya Apple ilianza kuifungua mwaka 2020, na leo vivinjari vyote vikubwa vinaifungua. Kwa tovuti mpya ni chaguo zuri la kuanzia.

AVIF, iliyotolewa mwaka 2019, mara nyingi hubana zaidi ya WebP, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kuitengeneza. Anayeitumia aweke na JPEG ya akiba kwa ajili ya simu za zamani.

SVG si picha ya pikseli. Ni maelezo ya mistari na maumbo, hivyo nembo iliyochorwa kwa SVG huwa kali kwenye skrini ya ukubwa wowote na mara nyingi huwa na kilobaiti chache tu.

Wenye iPhone waangalie jambo moja. Tangu mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo vivinjari vingi havifungui. Picha hizo zigeuzwe kuwa JPEG au WebP kabla ya kupandishwa, la sivyo mteja ataona kisanduku kitupu.

Kubana bila kuharibu mali

Programu nyingi zikihifadhi JPEG au WebP huuliza kiwango cha ubora, kuanzia 0 au 1 hadi 100. Namba hiyo si asilimia. Kutoka 100 kushuka hadi 80, uzito mara nyingi hupungua kwa nusu au zaidi, na jicho la kawaida halioni tofauti. Kutoka 80 kushuka hadi 40, uzito unaookolewa ni mdogo zaidi na uharibifu huanza kuonekana. Kwa bidhaa nyingi, kati ya 70 na 80 panatosha.

Hata hivyo mfanyabiashara asibane kwa kufuata namba peke yake, kwani mali hutofautiana. JPEG huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, na hutunza mwanga zaidi kuliko rangi kwa sababu jicho la binadamu hufanya vivyo hivyo. Penye ukuta mtupu au anga hakuna tatizo. Penye kingo kali kati ya rangi mbili, kama herufi nyekundu juu ya buluu, huzuka ukungu.

Mfano mzuri ni kanga. Mteja wa kanga huangalia rangi na pindo, lakini hununua jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini yake. Picha iliyobanwa kupita kiasi hufanya herufi za jina zizungukwe na vumbi, na mteja hawezi kusoma anachokinunua. Muuzaji wa kanga aache ubora wa 85 kwenye picha inayoonyesha jina, au aikate sehemu ya jina na kuiweka kama picha ya pili.

Vivyo hivyo kwa mazao. Mnunuzi wa maharage, korosho au kahawa huangalia punje: ukubwa, rangi, zilizovunjika, takataka. Picha yenye miraba miraba humfanya afikiri kuna kinachofichwa. Dawa yake ni kuwa na picha mbili: ndogo na nyepesi kwenye orodha, na kubwa inayofunguka pale tu mteja anapoigusa. Anayetaka kukagua atalipia uzito huo kwa hiari yake, na asiyetaka hatalipishwa.

Jambo jingine ni kwamba kila mara JPEG inapofunguliwa, kurekebishwa na kuhifadhiwa tena, hupoteza kidogo. Picha iliyopita kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida tayari imepunguzwa na kubanwa. Kwa hiyo mzalishaji wa Tanga akimtumia picha wakala wake wa Dar es Salaam, aitume kama faili la hati ili ifike ilivyo, na kazi ya kubana ifanyike mara moja tu, mwishoni.

Vipimo vya kufanyia kazi

Vifuatavyo ni viwango tunavyopendekeza kwa duka la kawaida. Upana ni kwa pikseli, na uzito ni kikomo cha juu.

Picha ya orodha ya bidhaa: upana 400 hadi 800, uzito KB 80.
Picha ya ukurasa wa bidhaa moja: upana 1,000 hadi 1,200, uzito KB 200.
Picha ya kukaguliwa kwa kuikuza: upana 1,600 hadi 2,000, uzito KB 400.
Bango la juu ya ukurasa: upana 1,600 hadi 1,920, uzito KB 300.
Nembo: SVG, au PNG isiyozidi KB 20.
Jumla ya picha zinazofunguka kabla mteja hajashusha ukurasa: MB 1.

Kiwango hicho cha mwisho kinawezekana hata kwa duka la bidhaa 40. Mtengenezaji wa tovuti anaweza kuagiza picha za chini zisipakuliwe mpaka mteja azikaribie. Ni neno moja tu kwenye alama ya picha, na vivinjari vya kisasa hulielewa. Kama skrini inaonyesha bidhaa sita kwanza, mteja huanza na KB 480 hivi, na nyingine huja kadiri anavyoshuka. Picha ya kwanza kabisa ya juu isicheleweshwe kwa namna hiyo. Pia kila picha iandikiwe upana na urefu wake kwenye ukurasa, ili maandishi yasiruke pale inapofika na mteja akajikuta amebonyeza kisicho chake.

Orodha ya bei isiwe picha

Wapo wanaochapa bei za wiki, wakaipiga picha karatasi na kuipandisha. Njia hiyo ina hasara tatu. Maandishi ya bei 30 ni kilobaiti moja au mbili, wakati picha ya karatasi ni mamia ya kilobaiti au zaidi. Pili, mteja hawezi kutafuta neno ndani ya picha kwa urahisi, na anayetumia programu ya kusomewa skrini hasikii kitu. Tatu, bei ya bidhaa moja ikibadilika, karatasi nzima inapigwa upya, na mara nyingi haipigwi. Mteja anafika na bei ya mwezi uliopita. Bei ziandikwe kwa maandishi, na picha ibaki kwa kile kisichoweza kuelezwa kwa maneno.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila picha ya bidhaa iwekewe maelezo mafupi ya maandishi na jina la faili linaloeleweka. "Kanga-kisutu-nyekundu" linamsaidia mteja na mtambo wa kutafuta kuliko "IMG_4471".

Picha hubeba na siri

Faili la picha hubeba maelezo yasiyoonekana: aina ya simu, tarehe, na kama mahali pameruhusiwa kurekodiwa, hata kipimo cha mahali ilipopigwa. Mfanyabiashara aliyepiga picha ya madini au simu mpya akiwa nyumbani huenda anatangaza stoo yake ilipo. Programu nyingi za kubana zina chaguo la kuyaondoa maelezo hayo. Litumike, kisha picha ikaguliwe, kwa kuwa baadhi ya picha hulala ubavu yanapoondolewa na rangi za baadhi ya simu hupauka. Dawa ya hilo la pili ni kuihifadhi kwanza kwa mfumo wa rangi wa sRGB, ambao ndio wa kawaida mtandaoni.

Zana na mafundi

Kwa picha chache, Squoosh ya Google ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari, picha ikiwa imebaki kwenye kompyuta yako. Huonyesha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, pamoja na uzito wa kila moja. GIMP ni programu kamili ya bure ya kukata na kurekebisha. Kwa mamia ya picha, ImageMagick hupunguza folda nzima kwa amri moja, na kijana anayeijua kompyuta anaweza kuiandaa mara moja ikatumika kila wiki. Kabla ya kutumia programu nyingine za "bure", soma masharti, maana baadhi ni za bure kwa matumizi ya nyumbani na si kwa biashara.

Wenye tovuti za WordPress wajue kwamba mfumo huo hutengeneza wenyewe saizi kadhaa za kila picha, na tangu toleo la mwaka 2019 hupunguza picha zinazozidi pikseli 2,560. Huo ni msaada mzuri, lakini muundo wa tovuti lazima uitumie saizi ndogo mahali pake.

Anayempa fundi kazi ya kutengeneza tovuti aandike kwenye makubaliano uzito wa juu wa ukurasa wa kwanza na wa ukurasa wa bidhaa, kisha apime kabla ya kumalizia malipo. Apime kwa simu ya bei ya kawaida yenye data ya kawaida, kwani kompyuta ya fundi iliyo kwenye intaneti ya ofisi itaonyesha kila kitu kiko sawa.

Kwa mwekezaji mdogo

Mwekezaji anayefikiria kuweka fedha katika biashara inayouza mtandaoni anaweza kuutumia ujuzi huu kama kipimo kimoja kati ya vingi. PageSpeed Insights ya Google ni ya bure: ingiza anwani ya tovuti, na itataja picha zilizo kubwa kuliko nafasi zake pamoja na kilobaiti zinazoweza kuokolewa. Duka linalolalamika kwamba matangazo hayaleti wateja, huku ukurasa wake una MB 50, linalipia matangazo ya kuwaleta watu kwenye mlango usiofunguka.

Hali kadhalika kwa taarifa za fedha. Ukurasa wa A4 uliopigwa skana kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Taarifa ya mwaka ya kurasa 100 ikitolewa kwa njia hiyo huwa nzito kwa mwenye hisa wa mkoani anayetumia simu, na hawezi kutafuta neno "gawio" ndani yake. Taarifa hiyo hiyo ikitolewa moja kwa moja kutoka kwenye programu iliyoiandika, herufi hubaki herufi na faili huwa jepesi. Mwenye hisa ana haki ya kuiomba kampuni yake itoe taarifa kwa namna hiyo.

Kazi ya wiki hii

Msomaji mwenye tovuti achague ukurasa mmoja unaotembelewa zaidi. Aorodheshe picha zake zote kwa uzito, kuanzia nzito hadi nyepesi, na aanze na tano za juu. Azikate, azipunguze hadi maradufu ya nafasi zake, azihifadhi kwa WebP au JPEG ya ubora wa 75, na azipandishe upya. Kisha azime intaneti ya ofisi, aufungue ukurasa kwa simu, na ahesabu sekunde zinazopita mpaka bei ya kwanza ionekane.

Wiki ijayo tutaangalia namna ya kupiga picha ya bidhaa kwa mwanga wa dirishani, bila taa za studio.